Mtu wa Mdomoni

Jumatatu asubuhi Orpa aliteka maji kisimani akagundua kwamba kamba inateleza. Maji hayatelezi hivyo. Ilikuwa imepakwa kitu kizito cha rangi ya kutu, kikamwingia katikati ya vidole na kukataa kutoka hata aliposugua kwa majivu. Alinusa kiganja chake akatema mate palepale. Kilinuka mayai viza na mafuta ya ngazi, yale ya mawese, yaliyooza kwa pamoja.

"Papa Emmanuella!" aliita kuelekea dirishani. "Njo nini hii ulipakala ku kamba?"

Mumewe Gracien alitoka akiwa na mswaki mdomoni. Aliitazama kamba kwa mbali, hakuisogelea.

"Minye? Weye njo unauzishaka mafuta. Mikono yako, kamba yako."

"Mafuta yangu hainukake hivi. Choo njo inanukaka hivi."

Maji yenyewe yalikuwa safi. Hilo ndilo lililomkera Orpa. Ndoo ilipanda na maji meupe, yasiyo na doa, na kamba iliyoipandisha ilikuwa uchafu mtupu kutoka mwisho hadi mwisho. Alichemsha maji, akapika uji, mtoto wao Emmanuella akanywa vijiko viwili akasukuma sahani. Mtoto huyo hakuwa na tabia ya kukataa chakula.

Mtaa mzima wa Kikula ulimwita Gracien Matelo, kwa sababu alikuwa baharia kweli. Aliporudi Likasi watu walimcheka. Baharia atafute nini kwetu, ambako maji makubwa kuliko yote ni ya bwawa la Mwadingusha, na hata hayo yana kazi yake ya kutupa umeme, tena wa kusuasua? Lakini walipoiona mikono yake ikifanya kazi, kicheko kiliisha. Miaka tisa kwenye sitaha za meli za mizigo si mchezo. Alijua kuning'inia ubavuni mwa meli juu ya kibao, akakwangua kutu na kupaka rangi huku bahari ikimchapa miguuni. Alijua kurusha kamba ya kwanza gatini ikatua penye mkono wa mtu. Alijua kuunga kamba mbili bila fundo mpaka usione zilipokutana, na kwa ujuzi huo wavunja mawe wa Kakontwe walimletea kamba zao zilizochakaa, wakazichukua zikiwa nzima.

Wachimbaji wa shaba ndio waliompenda zaidi. Aliwafundisha namna mabaharia wanavyoingia katika tangi la meli. Anayeshuka hufungwa kamba kifuani. Juu, kwenye tundu, hukaa mwenzake ameshika kamba hiyo mkononi, na huyo ndiye mtu wa mdomoni. Mvuto mmoja maana yake niko salama. Miwili, ongeza kamba. Mitatu, nipandishe sasa hivi. Wakipokezana zamu, yule mpya hushika kamba, huvuta mara moja, na wa chini akijibu mara moja, basi tangu hapo uhai wa aliye chini uko kwa huyo mpya. "Mutu wa mudomo hakulake, hakojolake, hatokake," Gracien aliwaambia, na wakarudia kama watoto wa shule. Watu watatu wapo hai leo katika mashimo yale kwa sababu ya somo hilo. Tumpe haki yake.

Sasa, Jumapili iliyotangulia ile Jumatatu, Gracien alitoa ushuhuda kanisani. Mchungaji Éphraïm alikuwa akitafuta mashemasi, na kila anayetajwa husimama kwanza mbele ya kanisa aseme Mungu amemtendea nini. Gracien alisema juu ya Octave, mtoto wa Boma, rafiki yake wa melini. Miaka sita iliyopita, Ijumaa Kuu, saa kumi za jioni, Octave alishuka kusafisha tangi lililokuwa limebeba mafuta ya ngazi. Masalia yalikuwa yameoza chini, yakatoa hewa ya sumu. Gracien alikuwa mtu wa mdomoni. Alishika kamba kwa mikono miwili, alisema, saa nzima, peke yake, akivuta na kuomba, mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Octave alikufa, lakini hakufa ameachwa. Kisha akainua mikono, na kila mtu akayaona makovu mapana, yanayong'aa, yaliyokatiza viganja vyote viwili.

Kina mama walilia. Orpa alilia. Gracien mwenyewe alilia, na alilia vizuri sana. Ushemasi ulikuwa wake; kilichobaki ni kuwekewa mikono Jumapili inayofuata.

Jumatano saa kumi za jioni Orpa alishusha ndoo. Alikuwa ameshaanza kuishika kamba kwa kitambaa, uso ameugeuzia pembeni. Ndoo ilipogusa maji, kamba ilivutwa.

Mara moja tu, taratibu, mtu anavyokuvuta nguo ili umtazame. Orpa alifikiri ndoo imekwama. Lakini alikuwa mke wa Matelo. Alishamshikia kamba fundi wakati kisima hicho kinachimbwa, na mikono ina mazoea yake. Kabla hajawaza lolote, alivuta mara moja kujibu.

Chini pakajibu. Mara moja.

Alisimama pale, jua likiwa bado kali, redio ya jirani ikiimba, kuku wakiparua takataka, na vinyweleo vyake vyote vikasimama. Aliinama kutazama. Aliona maji, na kichwa chake mwenyewe majini. Harufu ilimpanda usoni, akakohoa, na kilichotoka katika kikohozi hicho hakikuwa mate. Kilikuwa uzi wa mafuta ya kahawia, mrefu, ambao ilibidi auvute mdomoni kwa vidole.

"Kamba ilinivuta," alimwambia mumewe usiku huo kwa sauti ndogo, mtoto asisikie. "Na minye nilijibu."

Gracien aliacha kutafuna. "Ni upepo."

"Upepo mu kisima?"

"Orpa, kula."

Hakuweza kula. Maharage yalikuwa na ladha ileile. Alifungua bidoni, madumu yake ya mafuta yaliyofika juzi kutoka Kaniama yakiwa mekundu na yananukia, akakuta yote yameganda, yamekuwa na rangi ya usaha, na juu yake kuna utando uliokuwa ukipanda na kushuka polepole. Alifunika haraka. Asubuhi alimpeleka Emmanuella kwa bibi yake Kakontwe, na njiani kote alikuwa akitema kwenye kitambaa.

Alhamisi, saa kumi, alikuwa jikoni. Hakukusudia kwenda kisimani. Miguu ilimpeleka. Aliishika kamba bila kitambaa, na kamba ikavutwa mara mbili.

Ongeza kamba. Akaongeza. Kisima chao kina mita kumi na mbili, fundi alikipima mbele ya macho yao. Kamba ilikuwa na mita thelathini. Ilishuka, ikashuka, ikamchoma viganja ikizidi kushuka, mpaka ikaisha yote na kunyooka kutoka kwenye nguzo, ikitetemeka, imekaza, ikielekea chini kusikokuwa na chini. Halafu ikavutwa mara tatu.

"Papa Emmanuella! Kuya! Inavuta tatu! Iko na muntu mule!"

Gracien alitoka mbio. Alipofika hatua kumi kutoka kisimani, harufu ikamkuta, na Orpa akaona kitu ambacho hakukielewa siku hiyo. Mumewe hakushangaa. Alijikunja, akatapika kwenye migomba, akafuta mdomo, kisha akaja kwa haraka, akamnyang'anya kamba na kuifunga kwenye nguzo kwa fundo moja safi sana.

"Iache. Ingia mu nyumba."

"Na kama ni muntu?"

"Nimesema iache!"

Orpa hakuiacha. Mume alipoingia ndani alifungua fundo akavuta peke yake, akilia, mpaka ndoo ikafika juu. Ilikuwa imejaa tope la mafuta, zito, la kahawia, lenye mapovu yaliyopasuka moja moja na kutoa pumzi ya kaburi. Katikati yake palikuwa na nywele fupi za mtu zilizoshikana na kipande cha ngozi, na kucha mbili. Kucha za mikono, zimeng'oka nzima, zimevunjika ncha, kama mtu aliyekuwa akikwangua chuma. Alimwaga vyote chini. Tope halikuingia ardhini. Lilikaa juu ya udongo likimtazama, ndivyo alivyosema baadaye, na hakupata neno jingine la kulieleza.

Ijumaa Gracien alitaka wahame. Asubuhi na mapema alifunga mizigo miwili, akasema wataenda kwa shemeji yake kule Buluo mpaka "hii hali ipite." Orpa alikuwa amevimba uso. Pumzi zake zilikuwa na mlio wa bomba lililoziba. Walifika getini. Alipovusha mguu mmoja tu barabarani, alianguka, na mafuta yakamtoka mdomoni na puani kwa wingi, yakimzuia kuvuta hewa, akipigapiga mikono. Gracien alimburuta kumrudisha ndani. Kadiri alivyomsogeza karibu na kisima, ndivyo alivyopata kupumua. Pembeni kabisa ya kisima akapumua vizuri. Mita mbili nyuma, akazibwa tena.

Basi wakamtandikia mkeka hapo hapo ukingoni, na beseni la kutapikia. Mtu aliyepokea zamu haondoki. Gracien alilijua hilo kuliko mtu yeyote Likasi, na bado alimwita mchungaji.

Mchungaji Éphraïm alikuja saa nane na waombaji wawili. Alikemea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alitoa chupa ya mafuta ya upako, akammiminia Orpa kichwani, na mafuta yakageuka rangi yakiwa bado hewani, yakatua kwenye nywele kama makamasi. Mchungaji alikuwa ameyashika. Aliangalia vidole vyake, akanusa, na mtumishi wa Mungu, ndani ya suti yake ya kijivu, akatapika wali wote wa mchana juu ya viatu vyake. Aliondoka akisema anakwenda kufunga siku tatu. Mwombaji mmoja alimfuata. Wa pili alibaki.

Huyo aliitwa Maman Georgette, mama mfupi muuza makaa, mwenye vidole vyeusi visivyotakata. Hakukemea kitu. Alichutama karibu na nguzo, akashika kamba, akainusa kwa kituo, na hakukunja uso.

"Hii haiko shetani," alisema. "Shetani hanukake mafuta. Huyu ni muntu. Anangojea bamupandishe."

"Ni mukishi ya maji," Gracien alisema. "Jini. Inatoka mu bahari. Ilinifwata."

"Ilikufwata juu ya nini?"

Maman Georgette alimgeukia Orpa, akampangusa kidevu kwa kanga yake mwenyewe bila kuonyesha kinyaa.

"Mama, inavutaka saa ngapi?"

"Saa kumi," Orpa alinong'ona. "Kila siku, saa kumi."

"Na ule rafiki ya bwana yako? Alikufaka saa ngapi?"

"Ile... ile siku ilikuwa..." Gracien alianza.

"Vendredi Saint," Orpa alisema. "Saa kumi. Alisema mu kanisa." Alitema kwenye beseni. Kisha akabaki ameduwaa, mate yakining'inia, na macho yake yakaanza kusogea polepole, ya mtu anayehesabu. "Vendredi Saint. Ile mwaka. Nilikuwa ku jiko ya mama, tunatengeneza majani ya tshombe. Weye ulinipigia simu."

"Orpa, weye uko mugonjwa, acha kusema."

"Ulinipigia simu kutoka mu meli. Uliniuliza kama nitakubali unioe. Mama akaanza kupiga vigelegele. Ilikuwa saa kumi, sababu kengele ya paroisse ilikuwa inalia ya njia ya musalaba. Tuliongea mpaka unités ya simu ikaisha." Alijiinua kwa kiwiko. Mafuta yalimdondoka kidevuni na hakuyafuta. "Ulisema mu kanisa ulishikaka kamba na mikono mbili. Saa nzima. Na simu ulishikaka na nini?"

Sitasema uwanja ulinyamaza, kwa sababu haukunyamaza. Redio ya jirani iliendelea. Chini ya kisima palikuwa na sauti ya kitu kinene kikijigeuza ndani ya kitu kinene.

Gracien aliketi chini. Alisema akiwa amelitazama beseni. Walikuwa wiki tano baharini bila mtandao, meli ikapita karibu na pwani ya Muanda, na mabaharia wote wakakimbilia nyuma ya meli wameinua simu juu. Dakika chache, halafu pwani inapotea. Yeye alikuwa mdomoni peke yake. Aliifunga kamba ya Octave kwenye reli ya sitaha akakimbia na wenzake. Aliporudi kamba ilikuwa imekaza. Walimtoa Octave mdomo umejaa tope mpaka kooni, hana kucha.

"Na mikono yako?" Maman Georgette aliuliza.

"Nilifanya... nyuma ya winchi. Kabla ya kapiteni kufika. Nilichukua kamba ya nylon, nikaisugua mu mikono mpaka damu ikatoka."

"Na mama yake?"

"Nilimupelekea valizi yake ya nguo ku Boma. Akauliza. Nikamuonyesha mikono." Alivifumba viganja vyake. "Akaibusu."

Maman Georgette alitema chini. Katika uozo wote wa siku hiyo, hicho ndicho kitu cha kwanza kilichomtia kinyaa.

Saa kumi ilifika. Kamba, iliyokuwa imejishusha yote tena, ilivutwa mara tatu, kwa nguvu iliyoitikisa nguzo, na Orpa akaanguka chali. Sasa hakukohoa tena. Kifua kilipanda bila kuingiza hewa, na mafuta yakamjaa mdomoni hadi ukingo wa midomo, yametulia, kama maji ya kisima kilichojaa.

"Pokea!" Maman Georgette alipiga kelele. "Pokea zamu yako, wee muntu! Unamuona anakufa!"

Gracien aliruka, akaishika kamba. Alisema kwa sauti, namna wanavyosema melini, "Zamu yangu," akavuta mara moja.

Hakuna jibu. Alivuta tena. Kamba ililegea mikononi mwake, imekufa. Mwanamke mkekani alikuwa anabadilika rangi.

"Anakukatala," Maman Georgette alisema kwa kunong'ona. "Iko ingine. Haukusema yote. Sema, Papa. Sema haraka."

Sijui mtu anakaa na neno kama lile tumboni miaka sita akila, akilala, akiimba kwaya, namna gani. Lakini nitampa hili moja: alilitoa. Alimtazama mkewe usoni, na alikuwa analia, na safari hii alilia vibaya, kamasi zikiingia mdomoni.

"Alivutaka kabla niende," alisema. "Mara tatu. Niliisikia mu mukono. Nilijua ni nini. Nikasema, réseau ya simu itapotea. Nikasema, Octave atangojea kidogo."

Kamba ikavutwa. Mara moja.

Kisha mara tatu.

Akavuta. Alivuta kama alivyofundishwa, mguu mmoja kwenye ukingo, mgongo umenyooka, mkono juu ya mkono, na uzito ulikuwa wa mtu mzima aliyelowa, na makovu ya viganja yakafunguka moja baada ya jingine, na safari hii damu ilikuwa ya haki, ikachanganyika na mafuta, ikateleza mpaka viwiko, na harufu ikatangulia kupanda, ikajaza uwanja, ikazima jiko la jirani, ikawafanya kuku wakimbie na mbwa wa mtaa wa pili walie, na bado akavuta, mita ishirini, mita thelathini, mpaka mkono ukatokea ukingoni, mkono uliovimba, mweupe, usio na kucha, ukashika saruji, na ngozi yake ikachunika yote na kubaki pale kama glavu, na mkono wenyewe, mwekundu, ukashika tena.

Kikatoka. Kilisimama ndani ya ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya rangi ya chungwa. Uso ulikuwa umefunikwa na mafuta yaliyoganda, macho hayaonekani, na katika mdomo uliokuwa wazi tope lilimwagika bila kukoma na bila kupungua. Maman Georgette alifunika macho. Gracien alipiga magoti, kamba bado mkononi. Hakikumtazama.

Kilimwendea Orpa. Kiliinama, kikatia vidole viwili vilivyochunika ndani ya mdomo wake, mpaka ndani kabisa, na kikachota lile tope taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mama anavyomtoa mtoto udongo alioula. Orpa akavuta hewa. Akapiga ukelele. Kikanyanyuka, kikatembea hadi getini, nyayo zake zikiacha mafuta mchangani, kikapinda upande wa magharibi.

Maman Georgette alisafisha uwanja kwa majivu na moto. Jumamosi kamba ya kisima ilikuwa safi, mafuta mapya ya Orpa yalikuwa mekundu, na Orpa alikuwa amesukutua kinywa chake kwa chumvi mara nyingi kiasi kwamba midomo ilimpasuka. Asubuhi hiyo aliweka simu mbele ya mumewe, mezani, na sauti kubwa imewashwa.

"Pigia mama ya Octave."

"Orpa, nitaenda mwenyewe. Mwezi ujao. Jambo kama hii, ku simu..."

"Simu haikukushindaka ile siku. Piga."

Alipiga. Mama yake Octave, Dominique, alipokea mara moja. Alikuwa mtu wa Boma, alisema Lingala, na wote wawili walimwelewa. Nyuma yake palisikika maji yakimwagwa kwenye karai.

"Mama, ni Gracien, wa Likasi."

"Najua ni wewe. Subiri niteremshe sufuria." Alirudi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwa kazi. "Amefika alfajiri. Nimemwogesha mara nne. Mafuta hayatoki, mwanangu. Yananuka nyumba nzima. Lakini ni mtoto wangu, nitaendelea kumwogesha."

Gracien alifungua mdomo. Mikono yake iliyofungwa vitambaa ilikuwa mezani, ikitokwa maji. "Mama, nataka kukuambia kitu juu ya siku ile..."

"Ameshaniambia."

Kitu kilidondoka kwenye karai, kizito, kikifuatiwa na kingine.

"Miaka sita," mama alisema, "kabla sijala, naiombea mikono yako ipone. Kila siku. Nimemuuliza Octave nifanye nini na maombi hayo. Amesema nisiyarudishe, yakae. Anasema yeye anataka mikono yenyewe. Anauliza kama utaileta Boma, au yeye aje tena Likasi."

Gracien alimtazama mkewe. Orpa alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha maji ya chumvi mkononi, anasukutua. Alitema nje, akafuta midomo yake kwa uangalifu, pale palipopasuka.

"Mujibu," alisema. "Usimungojeshe."